Jenereta limefika, nani anaunga? Majibu kwa wasomaji wa Mtwara na Lindi

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kusini, na nyingi zinauliza jambo lile lile kwa milango tofauti: jenereta nimeshanunua, nani aniungie na aungeje? Zimejibiwa na jopo letu la mafundi umeme. Tumezifupisha ili ziingie zote.

Habari za kazi. Nauza samaki na pweza hapa Mikindani. Nina friza moja kubwa, friji ya nyumbani, taa kumi za LED, feni tatu, televisheni na pampu ya kisima ya hospawa moja. Dukani wameniambia jenereta la kVA 2.5 linanitosha na chenji inabaki. Nichukue?
*Mama wa Mikindani*

JIBU: Usichukue kwanza, mama. Muuzaji amejumlisha wati za vifaa vikiwa tayari vinazunguka, na kwa hesabu hiyo hajakosea sana: taa 90, feni 180, televisheni 80, friji 150, friza 250, pampu kama 1,100. Jumla ni wati 1,850. Alichosahau ni ule mshtuko wa mota inapoanza. Pampu, friji na friza hunywa mara tatu au zaidi ya umeme wao wa kawaida kwa nukta moja hivi, na pampu ya kisima ndiyo mlafi kuliko wote. Pampu yako peke yake inaweza kudai wati 3,300 hadi 4,500 pale inapoanza. Jenereta la kVA 2.5, yaani wati 2,500 kwa juu kabisa, litaguna, taa zitafifia, na mota ikishindwa kuzunguka itabaki inanguruma mpaka koili iungue.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuchukua la kVA 5, na kila unapowasha uanze na pampu, ikishatulia uongeze friza, kisha friji, kisha vidogo. Ya pili ni kuchukua la kVA 3, pampu uiendeshe peke yake na vingine vyote vimezimwa, ujaze simtenki, ndipo urudishe friza. Njia hii inataka nidhamu, na nyumba yenye watoto wa kubonyeza swichi nidhamu hiyo haidumu wiki.

Dukani usisome maandishi makubwa ya ubavuni. Soma kibati kidogo cha chuma. Kitakuwa na namba mbili: ya juu kabisa, ambayo jenereta linaimudu kwa dakika chache, na ya kazi ya kudumu. Nunua kwa hiyo ya pili. Halafu tazama saizi ya injini. Kilowati 5 za kweli za petroli hutoka kwenye injini ya cc 390 hivi, na jenereta lenyewe, lisilo la inveta (aina nyepesi inayosawazisha umeme kielektroniki), lina kilo 75 kwenda juu. Ukiona limeandikwa 5 kVA, injini ni cc 200 na vijana wawili wanalibeba huku wanapiga stori, hiyo ni 2.5 iliyovaa koti la 5.

Na kwa friza la samaki, huna haja ya kukesha na jenereta. Friza lililojaa na kuganda vizuri, usipolifungua, hushikilia baridi kama siku mbili. Lililojaa nusu, kama siku moja. Kuliwasha jenereta kwa muda wa saa mbili asubuhi, na muda kama huo jioni, kunatosha wakati wa katizo refu. Mahali patupu ndani ya friza jaza chupa za maji yagande.

Fundi wa mtaani amenitengenezea waya wenye plagi pande zote mbili. Upande mmoja nachomeka kwenye jenereta, mwingine kwenye soketi ya sebuleni, nyumba nzima inawaka. Ameniambia kikubwa nizime meni swichi kwanza. Jirani zangu wawili wanatumia hivyo hivyo na hawajapata tatizo. Kuna ubaya?
*Msomaji wa Chikongola, Mtwara*

JIBU: Leo hii ukate huo waya vipande viwili, ndugu yetu, ili hata asiyejua asije kuuokota stoo akautumia.

Uchukue mkononi uutazame. Chomeka upande mmoja kwenye jenereta linalowaka: upande wa pili unabaki na pini tatu za shaba zilizo wazi, na mbili kati ya hizo zina volti 230 kati yake. Siku plagi itakapochomoka sebuleni ikaangukia zulia, atakayeiokota ni mtoto. Hilo ni la kwanza, na wala si kubwa kuliko yote.

La pili ni ile "zima meni swichi kwanza". Usalama wa watu wengi umewekwa kwenye kumbukumbu ya mtu mmoja, usiku, gizani, mvua inanyesha. Siku utakayosahau, umeme wa jenereta lako utatoka kupitia mita, utapanda nguzo hadi transfoma ya mtaa. Transfoma haijui umeme umetoka upande gani. Ile inayoshusha volti elfu 11 au elfu 33 kuja 400 na 230, ukiilisha kwa nyuma inapandisha vile vile. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akijua laini imezimwa anakutana na maelfu ya volti kutoka sebuleni kwako. Na umeme wa kawaida ukirudi jenereta likiwa bado limeungwa, mawimbi mawili yasiyolingana yanagongana, na koili za jenereta huungua papo hapo, mara nyingine na moto juu.

La tatu ni la kiufundi tu: soketi ya ukutani ni ya ampea 13, sawa na wati 3,000 hivi, na nyuma yake kuna waya wa milimita 2.5 (za mraba, yaani ukubwa wa shaba yote kwa ndani). Ukisukuma kVA 5 kupitia hapo, soketi inaanza kunuka kama plastiki iliyoachwa jikoni, halafu inageuka kahawia.

Kinachotakiwa ni chenjiova. Ni swichi ya mkono yenye vituo vitatu: I kwa TANESCO, 0 kwa kuzima, II kwa jenereta. Muundo wake wenyewe hauruhusu pande mbili kukutana, hata ukisahau, hata ukilewa. Kwa nyumba ya fezi moja iwe ya poli mbili, yaani ikate waya wa moto pamoja na nyutro, ule wa kurudisha umeme. Ziko za bei rahisi zinazokata waya wa moto peke yake. Hizo zirudishe dukani. Inakaa baada ya mita ya LUKU na breka kuu, kabla ya boksi la breka za nyumba. Upande wa mita na lakiri zake hauguswi na fundi wako kabisa, hiyo ni mali ya TANESCO.

Kwa jenereta la kVA 5 lililo mita 8 kutoka kwenye boksi la breka, orodha ya vifaa inakuwa hivi:

Chenjiova moja ya poli 2, ampea 63. Waya wa shaba wa milimita 16 wa kutoka breka kuu kuja chenjiova na kutoka chenjiova kwenda boksi la breka, mita 4 hadi 6 kwa kila rangi. Kwa upande wa jenereta, kebo ya shaba yenye waya tatu ndani, kila mmoja wa milimita 6, mita 12, kwa sababu kona na mizunguko hula urefu. Breka ya poli 2 ya ampea 25, kwa kuwa kVA 5 kwenye volti 230 ni ampea 21.7. Boksi la nje la plastiki lisiloingiza maji. Kiunganishi cha bluu cha ampea 32 cha aina ya kiwandani, jozi. Hapa mafundi wengi hukosea: pini ziwe upande wa ukutani unaopokea umeme, matundu yawe upande wa kebo inayotoka jenereta. Ukigeuza, umerudi kwenye ule waya wa plagi mbili kwa gharama kubwa zaidi. Na kebo ianzie kwenye soketi ya duara ya ampea 32 ya jenereta, siyo kwenye zile za pini tatu za ampea 13.

Kwa nini milimita 6 na siyo 2.5? Kwenye ampea 20 na umbali wa mita 20, kebo ya 2.5 inapoteza volti 7 hivi njiani. Ya 6 haipotezi hata 3. Volti zinazopotea zinageuka joto ndani ya waya wako.

Kuwasha: chenjiova iwe 0, washa jenereta, liache dakika mbili tatu lipate joto bila mzigo, peleka kwenye II, kisha ongeza vifaa kimoja kimoja. TANESCO wakirudisha, subiri kama dakika tano utulivu uonekane, rudisha 0, halafu I. Jenereta liache lizunguke tupu dakika mbili ndipo ulizime.

Shikamooni. Nipo Mtanda, Lindi. Nimepata fundi ambaye kila mtu anamsifu, amefunga umeme nyumba nyingi. Anataka asilimia 80 kabla ya kuanza, na vifaa atanunua mwenyewe. Cheti cha VETA anacho. Nitajuaje kama siyo kishoka?
*Kijana wa Mtanda*

JIBU: Marahaba. Cheti cha VETA ni kitu cha heshima, na vyuo viko Lindi na Mtwara, lakini kinaeleza kwamba mtu amesoma. Ruhusa ya kufunga umeme kwenye majengo inatolewa na EWURA, Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji, kwa leseni yenye daraja. Muombe leseni, na usione haya. Fundi wa kweli huitoa kwenye mkoba kabla hujamaliza sentensi. Tazama vitu vitatu: jina liwe la huyo aliyesimama mbele yako na siyo la bosi wake aliye mjini kwingine, tarehe isiwe imepita, na daraja liruhusu kazi yako. Madaraja hayalingani, mengine yana mipaka ya fezi na ya volti, na mipaka yenyewe imeandikwa.

Baada ya leseni, muulize maswali matatu ya kazi. Chenjiova itakata nyutro? Jibu ni ndiyo, bila kukuna kichwa. Nyutro ya jenereta utaifanyaje? Akikuambia "inategemea, ngoja nipime kwanza", huyo ni fundi. Utapima ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, kwa kifaa gani? Akionyesha bisibisi ya testa, mshukuru, mnywe maji, aende. Testa inaonyesha kama waya una moto, haipimi ethi.

Kuhusu hela: asilimia 80 ni nyingi mno. Vifaa nunua mwenyewe kwa orodha aliyoiandika, naye awepo dukani, risiti ya EFD ibaki kwako. Pesa ya ufundi igawe: theluthi akianza, theluthi chenjiova ikishafungwa, theluthi ya mwisho baada ya majaribio, jenereta likiwa linaendesha nyumba mbele ya macho yako. Hiyo theluthi ya mwisho ndiyo inayomrudisha siku breka inapoanza kuruka ovyo. Makubaliano yaandikwe hata kwenye karatasi ya daftari: kazi gani, vifaa gani, siku ngapi, kasoro zitarekebishwa ndani ya muda gani. Kazi hii kwa mafundi wawili ni ya siku moja, mbili ikiwa ukuta unachimbwa. Anayetaka wiki ana kazi nyingine mahali.

Dukani kuna mtego wa waya. Zipo kebo za alumini zilizopakwa shaba kwa nje. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ukiona weupe ndani, acha. Nyingine ni shaba kweli lakini imepunguzwa. Waya wa milimita 6 una nyuzi 7, kila uzi unene wa milimita 1.04, wa milimita 4 una nyuzi 7 za 0.85, wa 10 una nyuzi 7 za 1.35. Fundi mwenye kalipa anapima kwa nusu dakika. Ukikuta uzi wa 0.85 ndani ya ganda lililoandikwa 6, umeuziwa 4 kwa bei ya 6, na hiyo ndiyo kanyaboya inayoshika moto miaka miwili baadaye, wakati duka limeshahama.

Tangu jenereta liungwe, testa inawaka kwenye matundu yote mawili ya soketi. Kwa umeme wa TANESCO inawaka tundu moja tu. Fundi anasema ni kawaida ya jenereta. Ni kweli?
*Msomaji wa Ligula*

JIBU: Ni kawaida ya jenereta ambalo kazi yake haijamalizika. Majenereta mengi madogo hutoka kiwandani nyutro ikiwa inaelea, haijashikwa na bodi wala ardhi. Ndiyo maana waya zote mbili zinaonekana kama za moto: ukipima kila mmoja dhidi ya ardhi unapata kama volti 115, huku kati yake zipo 230 kamili. Taa zitawaka, friji itazunguka, na hutajua kitu.

Tatizo liko kwenye ile breka ya kuvuja, yenye kitufe cha T. Inafanya kazi kwa kulinganisha umeme unaotoka na unaorudi. Nyutro inapoelea, umeme uliovuja kwenye bodi ya friji hauna njia ya kurudi kupitia ardhini, kwa hiyo breka haioni tofauti na hairuki. Hitilafu ya kwanza inakaa kimya. Ikija ya pili kwenye kifaa kingine, mwili wa mtu aliyegusa vyote viwili ndio unaokamilisha njia.

Tiba ni kuunga nyutro ya jenereta na bodi yake, kisha bodi hiyo ipelekwe kwenye fimbo ya ethi kwa waya wa kijani na njano wa milimita 6 au zaidi. Ila kabla ya hapo fundi azime injini, achomoe kebo, apime kwa mita kama nyutro na bodi tayari zimeshikana. Kama zimeshikana kiwandani, haongezi kitu. Na muungano huo uwe sehemu moja tu, kule kwenye jenereta, kabla ya breka ya kuvuja. Asiufanye ndani ya boksi la breka la nyumba, maana ukirudi kwenye TANESCO utaishi na breka inayoruka bila sababu. Haya yote yanafaa tu kama chenjiova inakata nyutro. Sasa unaona kwa nini tuliishupalia kule juu. Jenereta la inveta lisiguswe bila kusoma kitabu chake.

Ethi yenyewe kwa mji wa Mtwara ina utata. Sehemu za Shangani chini ni jiwe la matumbawe, kwingine ni mchanga ambao kiangazi hukauka kama unga. Fimbo moja ya mita 1.2 mara nyingi haitoshi. Weka mbili au tatu za mita 1.5, zipishane angalau mita 3, ziungwe pamoja. Ukikutana na jiwe, chimba mtaro ulaze waya wa shaba mtupu badala ya kukata fimbo katikati na kufukia kipande, ujanja ambao tunaujua. Chumvi na mkaa vinapunguza namba ya ukinzani wa ardhi, inayopimwa kwa omu, kwa muda, lakini chumvi hiyo hiyo inaila fimbo. Lenga omu 10 au chini, na upime mwezi wa tisa au wa kumi ardhi ikiwa kavu kabisa. Namba ya mwezi wa pili, mvua zikiwa zimelowesha kila kitu, inadanganya.

Jenereta nimelijengea kibanda cha tofali chenye mlango wa chuma, kimeegemea ukuta wa chumba cha kulala ili wezi wasilifikie. Nyumba ipo Shangani, karibu na bahari. Kuna la kuongeza?
*Msomaji wa Shangani*

JIBU: Kuna la kubomoa. Moshi wa jenereta una kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala haamki kuikimbia. Kibanda kilichoegemea chumba cha kulala hupitisha hewa hiyo kwenye matundu ya bomba, kwenye ufa, chini ya kenchi. Jenereta liwe mita 6 au zaidi kutoka dirisha au mlango wowote, wako na wa jirani, ekzosi ikitazama mbali na nyumba.

Pwani yetu pepo zake zinajulikana. Kusi inavuma kutoka kusini na kusini mashariki, tangu mwezi wa nne hivi hadi wa tisa. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, Novemba hadi Machi. Zote mbili zinasukuma kuelekea magharibi, kwa hiyo upande wa magharibi wa kiwanja ndio mahali ambapo moshi unaondoka mwaka mzima. Ila usisahau umande wa alfajiri, ule upepo mwanana wa kutoka bara. Huo unarudisha moshi nyumbani saa ambazo watu wamelala fofofo. Ndiyo maana umbali haufutwi na mwelekeo.

Kwa wezi, tumia fremu ya nondo yenye paa la bati, wazi pande mbili zinazotazamana, na mnyororo uliofungwa kwenye jukwaa la zege. Jukwaa linyanyuke sentimita 20 juu ya uwanja. Waliokuwa Lindi na Kilwa Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya na mafuriko yake, hawahitaji kuelezwa kwa nini.

Chumvi ya bahari ina kazi yake ya kimya. Baada ya mwaka mmoja skrubu za viunganishi huota unga wa kijani, zinalegea, zinapata joto. Tumia skrubu na mabano ya chuma kisichoshika kutu, boksi za plastiki badala ya bati, paka grisi ya viunganishi, na kila miezi sita fundi akaze skrubu zote umeme ukiwa umezimwa. Jenereta lipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi ya bomba, injini ikiwa imepoa. Usilimwagie kwa mpira.

Gesti yangu Masasi ina umeme wa fezi tatu. Jenereta ni la fezi moja, kVA 7.5. Linaungika?
*Mwenye gesti, Masasi*

JIBU: Linaungika. Chenjiova iwe ya poli 4. Upande wa jenereta peke yake, vituo vitatu vya moto vinaunganishwa kwa vipande vya shaba ili fezi moja ilishe vyote. Tunasisitiza *upande wa jenereta*, maana vipande hivyo vikiwekwa upande wa nyumba, siku ya kurudisha I unakutanisha fezi tatu za TANESCO ana kwa ana kwenye volti 400, na chenjiova italipuka usoni mwa aliyeishika. Nyutro itabeba ampea zote 32, isiwe nyembamba kuliko fezi. Mota yoyote ya fezi tatu, kama pampu ya kisima kirefu, iwe na breka yake na ibaki imezimwa. Kwa fezi moja haizunguki, inanguruma na kuungua.

Baada ya malipo ya korosho nilinunua jenereta jipya, likafanya kazi vizuri mwezi mmoja. Sasa ni miezi mitano limekaa. Nikivuta kamba linawaka kidogo, linapanda na kushuka, linazimika. Siku moja lilikubali kuwaka lakini umeme hakuna.
*Msomaji wa Nachingwea*

JIBU: Magonjwa mawili hayo, tuyatenganishe.

Kupanda na kushuka ni petroli iliyozeeka. Ikikaa miezi miwili mitatu inaacha gundi ya rangi ya chai ndani ya kabureta, na kitundu cha jeti, chembamba kama ncha ya sindano, kinaziba nusu. Funga koki, fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, kinga kwa chupa angavu. Ukiona matone yamejikusanya chini kama shanga, hayo ni maji. Mwaga ya tenki yote, fundi afungue jeti, aipulize kwa upepo na dawa ya kabureta. Asiichokonoe kwa waya, kitundu kikipanuka injini itakunywea mafuta maisha yake yote. Plagi isafishwe na nafasi yake iwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Likizimika ghafla bila kuyumba, kagua oili kabla ya kulaumu kabureta. Mengi yana kihisi kinachozima injini oili ikipungua, na jenereta lililosimama kwenye mteremko hukidanganya hata kama oili ipo. Jenereta jipya linabadilishwa oili baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100 au miezi sita.

Injini inazunguka, umeme hakuna: anza na breka ya jenereta lenyewe, mara nyingi imeruka tu. Ikiwa sawa, tatizo liko kwenye AVR (kifaa kinachosawazisha volti za jenereta), kwenye brashi za kaboni zilizoisha au kushika ukungu, au usumaku wa rota umepotea kwa kukaa muda mrefu bila kazi. Usumaku hurudishwa kwa betri ya volti 12 kwa nukta chache, na hiyo kazi mwachie fundi, kwani ukigeuza nyaya umemaliza AVR. Akishamaliza apime: volti 220 hadi 240, na bila mzigo mizunguko iwe hezi 51 hadi 52, ili mzigo ukiingia ishuke 50. Likitoa 56, friji na televisheni hazitakaa muda.

Kuanzia hapo liwashe kila mwezi dakika 20, na liwe na mzigo. Kuzunguka tupu hakukaushi unyevu wa koili. Ukijua litalala muda mrefu, funga koki liendelee mpaka lizimike lenyewe kwa kukosa mafuta.

Petroli ya akiba niweke kiasi gani, na wapi? Mke wangu hataki kuiona ndani.
*Msomaji wa Rahaleo, Lindi*

JIBU: Mkeo yuko sahihi. Jenereta la kVA 5 likiwa na nusu ya mzigo hunywa kama lita moja na nusu kwa saa, hivyo lita 20 ni zaidi ya saa 12 za kazi, na kwa nyumba hazina haja ya kuzidi hapo. Chombo kiwe cha chuma au plastiki nene kilichotengenezwa kwa petroli, siyo dumu la mafuta ya kula, kijazwe kikiwa chini ardhini na siyo juu ya pikipiki, kikae kivulini nje, mbali na jiko na mbali na jenereta lenyewe. Andika tarehe kwa maka peni. Ikifika miezi miwili imimine kwenye pikipiki uitumie, ununue nyingine. Na usijaze tenki injini ikiwa ya moto, hata kama mpira unaendelea na nchi nzima inatazama: zima, subiri dakika 15, jaza, futa yaliyomwagika, ndipo uvute kamba.